Kovu la Kwanza

Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, Kalunde aliishika tyubu ya dawa katikati ya viganja vyake na kuipasha joto. Hakuna aliyemwagiza. Ute wa dawa ukitoka kwenye droo yake ya jokofu, chini ya kitanda, huwa baridi kama tumbo la chura, na kidonda kikiguswa na baridi ya namna ile mwenye kidonda hushtuka. Basi alisimama dirishani, tyubu imefichwa mikononi kama mtu anayeomba dua, akayatazama mashamba ya zabibu yanayoteremka kuelekea Bahi mpaka ubaridi ukaisha. Hapo ndipo alipogeuka na kusema, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hongo yangu iko wapi?"

Bibi Nyemo alikuwa Mgogo, Kalunde Mnyamwezi, na baina yao ulikuwepo utani wa tangu enzi za misafara, pale wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa hawapiti Ugogo wala kunywa maji yake mpaka watoe hongo. Misafara ilikwisha. Reli ikaja, ikaja treni ya umeme, zikaja na hizi ndege ndogo zisizo na rubani zinazoteremsha vifurushi vya dawa juu ya paa la kituo cha utafiti. Bibi Nyemo hakuona kama hayo yanamhusu.

"Hongo siku hizi ni kosa la jinai, Bibi," Kalunde alisema kwa sauti yake ndogo, huku akimpa kipande cha kashata.

"Hiyo ni ya serikali. Yangu mimi ni ya maji. Tangu uhamie huku umekunywa visima vingapi? Mababu zako wangekuwa wameshatoa ng'ombe."

Mumewe, Mzee Chilongani, alicheka kwenye kiti chake kando ya kitanda. Macho yake yalizimwa na maradhi alipokuwa mtu mzima wa makamo, na tangu hapo alikuwa akigeuza uso kufuata sauti, kama alizeti na jua. Aliletwa kituoni kuwa msindikizaji wa mkewe, ingawa ukweli wa mambo mkewe ndiye aliyekuwa akimsindikiza yeye: chooni, bombani, mezani.

Mzee naye alikuwa na lake la kila asubuhi. Alinawa mikono, akainuka, akanyoosha kidole gumba hewani mpaka kikafika kwenye paji la uso la mkewe. Pale katikati palikuwa na alama ya duara, ile waliyochomwa Wagogo wa zamani wangali wachanga. Aliibonyeza taratibu, kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango.

"Mbukwa," alisalimu.

"Mbukwa," Bibi aliitikia. Mlango ulikuwa umefunguliwa. Kalunde aliweza sasa kufungua bandeji.

Asubuhi hiyo kidole kilifika kwenye paji, kikasimama. Kikazunguka. Kikashuka hadi kwenye nyusi, kikapanda tena. Kisha Mzee akauondoa mkono kwa ghafla, kana kwamba umeungua.

"Huyu nani?"

"Acha mchezo, Mzee. Mtoto ana kazi."

"Nimeuliza, huyu nani? Binti! Mmenibadilishia mke?"

Kalunde aliinama kutazama. Duara lile, ambalo amelizoea kama anavyoizoea saa ya ukutani, lilikuwa limebaki nusu. Upande wa kushoto bado lilionekana, jeusi na gumu kidogo. Upande wa kulia ngozi ilikuwa laini, nyororo, ya rangi moja na shavu. Ungedhani ni mwezi unaoliwa na wingu.

Juu yao, darini, taa ya Jicho iligeuka kijani. Jicho ndicho chombo kilichotazama wagonjwa wote mchana na usiku, kikapima vidonda vyao na kutoa hesabu. Kilikuwa na sauti ya mwanamke msomi aliyelala vizuri.

"Kovu la zamani, paji la uso," Jicho lilisema. "Linapona vizuri. Hongereni."

*

Dawa yenyewe ilizaliwa jikoni. Mlenda, ile mboga ya kuteleza ambayo Mgogo akiikosa huona hajala, ukichemshwa na kuchujwa huacha ute mzito unaotunza unyevu kuliko bandeji yoyote. Hilo halikuwa jambo geni. Geni lilikuwa chachu iliyopandwa ndani ya ute, chembe hai zilizofundishwa kazi moja tu: kuikumbusha ngozi. Kiumbe kikijeruhiwa kingali tumboni mwa mama, hupona bila kovu. Ngozi hujisuka upya uzi kwa uzi, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kikishazaliwa, ngozi husahau ufundi huo, ikawa inaziba matundu kwa haraka tu, kama fundi anayepiga kiraka. Chachu iliamsha kumbukumbu ya tumboni.

Kwenye kidonda kidogo ukumbusho huo uliishia palepale. Cha Bibi Nyemo hakikuwa kidogo. Kilianzia kwenye kifundo cha mguu wa kushoto kikapanda karibu na goti, na kilikuwa cha miaka. Watu hukiita kidonda ndugu, kwa kuwa hakikuachi hata ukikifukuza. Kidonda kama kile hunywa dawa nyingi, na dawa ilikuwa imevuka mipaka yake, ikaingia kwenye damu na kutembea mwili mzima, ikikumbusha kila ilipopita.

"Umemwambia?" aliuliza Dkt. Sekela.

"Bado, Daktari."

"Vizuri. Usimwambie."

Walikuwa ofisini kwake, chumba chembamba chenye harufu ya spiriti na chai ya tangawizi. Dkt. Sekela Mwaisumo alikuwa mama wa Kinyakyusa mwenye mabega mapana, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuacha kucheka. Ndiye aliyemtoa Kalunde chuoni akamwambia, njoo tupone watu. Kalunde alimpenda, na alikuwa hajawahi kumbishia.

"Jaribio ni la kufumba," Dkt. Sekela aliendelea. "Nusu ya wagonjwa wanapakwa ute wenye chachu, nusu mlenda mtupu. Mpakaji hajui, mpakwaji hajui, hata mimi sijui. Jicho peke yake ndilo linalojua. Wewe sasa umejua wa Bibi Nyemo, kwa bahati mbaya. Lakini ukimfumbulia yeye, Jicho litasikia. Unajua litafanya nini."

Kalunde alijua. Mgonjwa akifumbuliwa huondolewa kwenye hesabu, na droo ya dawa zake hujifunga yenyewe. Walilitengeneza hivyo kwa makusudi, wasije wanadamu wakaingiwa na huruma.

"Kidonda kimebaki kiasi gani?" Dkt. Sekela aliuliza.

"Kidogo kuliko nusu. Lakini tukiacha kabla hakijafunga, kitarudi. Vya wagonjwa wa mwanzo walioachishwa vyote vilirudi."

"Na kikirudi kwa mtu wa umri ule?"

Jibu lilikuwa msumeno.

"Mama yangu walimkata vidole," alisema Dkt. Sekela, bila kumtazama. "Kisha kifundo. Kisha goti. Kila walipokata walimwambia hapa ndipo mwisho. Mtu angekuja siku ile akaniambia, tunayo dawa, ila itamfuta kijialama cha usoni, ningembusu miguu. Alama, Kalunde! Watoto wa siku hizi wanalipia kufutwa."

*Lakini mama yako angeulizwa*, Kalunde aliwaza. Alikuwa hivyo tangu utoto: jambo kubwa likimjia, mdomo ulitafuta neno dogo la kujificha nyuma yake.

"Pole, Daktari," alisema.

"Nimeshapoa. Nenda kampake."

Alipofika mlangoni aligeuka. "Itaishia wapi, Daktari? Ngozi ikianza kurudi nyuma."

"Inapona. Hairudi popote."

*

Siku zilizofuata Mzee Chilongani hakunyoosha tena kidole. Alikaa kitini, viganja vimebanwa katikati ya magoti, akitania kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

"Binti, mke wangu mmemweka wapi? Huyu msichana mliyeniletea ni mzuri, lakini mahari yake sitaiweza."

"Msichana gani anakoroma hivi?" jirani wa kitanda cha pili alidakia, wodi nzima ikacheka.

Bibi Nyemo alicheka pia, lakini Kalunde aliyekuwa ameinamia mguu wake aliona vidole vya miguu ya Bibi vimejikunja. Kidonda kilikuwa kinapendeza kwa namna inayotisha. Nyama nyekundu yenye afya ilikuwa imejaa mpaka juu, na kutoka kila ukingo ngozi mpya ilitambaa kwenda katikati, haina mkunjo, haina doa. Kando yake mguu wa kulia ulionekana kama wa mtu mwingine: umekauka, umechanjwachanjwa na miiba ya miaka ya kuchunga mbuzi.

"Mboga yetu hii," Bibi alisema. "Mmeichukua mkaitia kwenye tyubu, sasa mnaniambia ni dawa. Ningejua ningekaa ndani ya chungu, tukamaliza."

"Ungeiva, Bibi."

"Kheri kuiva kuliko kutafunwa mbichi na Wanyamwezi."

Kisha akaacha utani. Alimwomba Mzee aende nje akaote jua, naye Mzee, aliyekuwa akisubiri mkono wa kumwongoza, alisita kidogo, akajipapasia njia kwa fimbo peke yake. Bibi alivuta pazia la kitanda.

"Mtani, hebu nitazame hapa."

Alipandisha blauzi. Kalunde alitazama, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani asingekuwa ametazama. Tumbo lile lilizaa watoto saba, lilipaswa kuwa na mistari kama ardhi iliyopitiwa na mito. Mistari ilikuwa imefifia. Katikati, kwenye kitovu, palikuwa na kishimo kidogo tu, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa, na hata hicho kilikuwa kinajaa kutoka ndani.

"Nikioga huwa naingiza kidole," Bibi alisema polepole. "Leo kidole kimegonga mlango. Nikasema, nizeeke nitakavyozeeka, meno nitapoteza, nywele nitapoteza. Lakini hiki? Kitovu changu kilizikwa nyuma ya zizi la baba yangu. Mtu asiye na kitovu, mtani, kazaliwa na nani?"

Taa ya Jicho, juu ya pazia, iligeuka kijani. "Kovu la zamani, tumbo," lilisema. "Linapona vizuri. Hongereni."

Hapo Kalunde akaelewa, na alielewa kwa mwili mzima, mikono ikawa baridi kuliko tyubu. Kitovu ni kovu. Ndilo kovu la kwanza la kila binadamu, jeraha ambalo kila mtu alipewa siku ya kuja. Ngozi ilikuwa inarudishwa tumboni, na tumboni hakuna aliyekatwa bado. Chachu haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa inafanya kazi iliyofundishwa, na Jicho lilikuwa linahesabu lilichofundishwa kuhesabu. Walilipa neno moja tu, kovu, na kila kitu ambacho maisha yamekiandika mwilini kikaingia humo: mwiba, moto, uzazi, alama aliyochomwa mtoto na mama yake ili asipotee kati ya watu. Hakuna hata mmoja wao, wasomi wote wale waliokulia kwenye lugha hii, aliyekumbuka kuliambia kwamba sisi tuna *kovu* na tuna *alama*, na kwamba mtu mzima hazichanganyi.

"Unajua kitu," Bibi Nyemo alisema. "Umekuwa mweupe kama Mzungu."

"Pole, Bibi."

"Sikuomba pole."

"Ni kwamba..." Kalunde alitazama Jicho, akatazama droo ya chuma chini ya kitanda, yenye taa yake ndogo. Akinyamaza, mguu utafunga. Bibi atarudi nyumbani kwa miguu miwili, mviringo na laini kama yai, asijue nani alimfuta. Akisema, droo itafunga, na kidonda ndugu kitarudi kwao. Hakukuwa na upande wa tatu wa kusimama. Alitafuta, hakuuona.

"Nitakwambia kwa nini nimekuuliza wewe," Bibi alisema. "Wanangu nikiwauliza watanificha, maana wananipenda. Daktari atanificha, maana ana kazi yake. Wewe ni mtani. Nikifa, hao wote watalia; wewe ndiye utakayesimama kaburini ukasema bibi huyu alikuwa mchoyo, anakula kashata za watu. Na hakuna atakayekupiga. Kazi ya mtani ni kusema lile ambalo ndugu hawawezi. Kama huwezi, basi huna haki ya kunitania, nirudishie na kashata zangu."

"Kashata ni zangu mimi, Bibi."

"Haya. Sema."

Kalunde alivuta pumzi. Sauti iliyotoka ilikuwa ileile ndogo, lakini haikukatika.

"Unapakwa dawa yenye chachu. Ndiyo inayoponya mguu, na ndiyo inayofuta alama yako. Itafuta kitovu. Itafuta kila kitu ambacho mwili wako umewahi kupata, mpaka iishe. Haiumizi wala haiui. Tukiendelea mpaka kidonda kifunge, mguu utapona, na hakuna kitakachobaki. Tukiacha leo, utabaki na hiyo nusu, na kidonda kitarudi, na safari hii nadhani watakata. Nilikatazwa kukwambia. Na kwa kuwa nimekwambia, dawa yako..."

Taa ya Jicho ilikuwa nyekundu.

"Ufumbo umevunjika," lilisema kwa upole uleule. "Mshiriki ameondolewa kwenye hesabu. Asanteni kwa ushirikiano."

Chini ya kitanda, droo ililia *tk*.

*

Dkt. Sekela hakupiga kelele. Kalunde angependa apige.

"Unajua ulichofanya?" aliuliza, amesimama miguuni pa kitanda, koti lake jeupe limefungwa vifungo kombo. "Sisemi jaribio. Jaribio nitajua la kufanya. Umemfungia mama wa watu dawa."

"Ifungue, Daktari."

"Nini?"

"Ifungue." Kalunde alishika ukingo wa kitanda. "Mganga mkuu kama wewe anaruhusiwa kufungua nje ya jaribio, kwa mgonjwa anayeomba mwenyewe. Wewe ndiye uliyeliweka sharti hilo; mimi nimelikumbuka baada ya droo kujifunga. Basi aombe. Ila aombe akijua anachoomba. Na kesho nitawaambia wodi nzima, waliomo kwenye chachu na wasiokuwemo, kisha kamati ya jaribio ikiniita nitakwenda."

Dkt. Sekela alimtazama kama mtu aliyemwona paka wake akibweka. Kisha akafanya jambo ambalo Kalunde hakulitarajia: aliketi ukingoni mwa kitanda, akamshika Bibi Nyemo mkono.

"Shikamoo, Bibi. Mtoto amesema kweli. Ningekwambia mimi, ila... sikukwambia. Unaitaka dawa?"

"Marahaba. Siitaki."

"Bibi, mguu..."

"Mguu naujua, ni wangu. Na kidonda ni ndugu, ndugu hafukuzwi akiwa amekaa miaka yote hiyo." Bibi alijitahidi kucheka. "Nisikilize, mwanangu. Watoto wangu wana kwao. Mimi nina yule mzee hapo nje. Miaka yote tangu macho yake yaende, kila kukicha amekuja kuniangalia kwa kidole. Wiki hii hanigusi. Mbele ya watu ameuliza, huyu nani. Sasa mnataka mnifute na nusu hii iliyobaki? Nikirudi nyumbani na miguu miwili, nitakuwa nakwenda kwa nani?"

"Nyemo."

Pazia lilisogea. Mzee Chilongani alikuwa amesimama pale, fimbo mkononi. Hakuna aliyejua amesikia tangu wapi, lakini uso wake ulionyesha amesikia vya kutosha.

"Nani kasema sikujui?" aliuliza.

"Wewe. Wodi nzima ni shahidi."

"Nakujua. Ukiwa bado kule bombani kijijini, unarudi, nakujua. Unaburuta mguu wa kushoto, ndoo unabadilisha mkono pale kwenye jiwe, na kabla ya kukaa unaguna kama ng'ombe anayelala. Hata sasa unanuka hongo ya huyu binti. Nimpoteze mtu kama wewe kwa ajili ya kialama? Alama zenyewe walisema zinakinga macho. Nami nilichomwa. Tazama zilivyonikinga!"

Jirani wa kitanda cha pili alikohoa kuzuia kicheko. Bibi Nyemo hakucheka.

"Basi ulimaanisha nini?"

Mzee aligeuza uso huku na huku, kana kwamba anaitafuta sauti nyingine ya kuifuata. Hakukuwa na nyingine. Alikuwa ametoka kwenye watu ambao mwanamume mwenye mvi hamshiki mkewe mbele ya wageni, wala hamwambii la moyoni hata wakiwa wawili. Humletea nyama, humjengea ghala, naye mke anaelewa. Akasogea hatua moja, akainama, akanong'ona kitu kwa Kigogo, haraka, kama mtu anayetema mbegu.

Kalunde hakuelewa hata neno moja. Aliona tu uso wa Bibi Nyemo ukifanya jambo ambalo hakuna chachu ingeweza kulifanya.

"Aa, aa," Bibi alisema, akijifuta kwa upindo wa kanga. "Sema kwa Kiswahili. Ulinikana kwa Kiswahili mbele ya watu, nikubali kwa Kiswahili hivyohivyo. Huyu mtani wangu asikie, na daktari asikie, na huyu anayekohoa hapo asikie. Ukilisema, nitaiomba dawa yao, na kitovu kiende kinakokwenda. Baba yangu alikwishakizika, zizi analijua Mungu. Usipolisema, mniachie nusu yangu."

Dkt. Sekela alikuwa tayari ameinama chini ya kitanda, kiganja chake juu ya kifuniko cha droo, akingoja. Kalunde alijikuta amekutanisha viganja vyake vitupu, kana kwamba kuna kitu ndani yake cha kupasha joto.

Mzee Chilongani aliegemeza fimbo ukutani. Ilianguka, hakuiokota. Alinyoosha mkono, akaupata uso wa mkewe bila kupapasa, moja kwa moja, kwenye shavu, mbali kabisa na mahali pa alama.

"Ile alama ilikuwa kisingizio," alisema, na sauti yake ya utani haikuwepo tena. "Nilipokuwa naona, nisingethubutu kukugusa mbele za watu. Nilipopofuka nikapata sababu. Kila asubuhi nasema nakutafuta, na wala sikuwa nimekupoteza. Siku ile nimekuta hakuna alama, nikaogopa, nikajua sina tena sababu ya kukugusa. Ndiyo nikapiga kelele. Nyemo, nataka upone. Nataka nikuguse hivihivi, bila sababu."